Maandishi Meupe Kwenye Kioo Cheusi: Yanamfaa Nani, Yanamtatiza Nani?

Saa tatu za usiku, Kibokoni. Mama muuza viazi karai ameshazima jiko, amekaa barazani na simu mkononi. Anataka kulipia leseni ya biashara kabla siku ya mwisho haijafika. Ukurasa unafunguka, maelezo anayasoma vizuri, lakini pale panapostahili kuwa na namba ya malipo pako weusi mtupu. Anafikiri mtandao umekatika. Anazima simu na kuiwasha tena, na bado namba haionekani. Mwanawe anaichukua simu, anabonyeza mahali pamoja tu, ukurasa unageuka mweupe na namba inatokea. Ilikuwepo muda wote. Ilikuwa imeandikwa kwa wino mweusi juu ya kioo cheusi.

Kisa hiki ni cha mfano, lakini tatizo lenyewe linaweza kumpata mkaazi yeyote. Simu nyingi za kisasa zinaweza kugeuza kurasa ziwe na rangi nyeusi nyuma na maandishi meupe mbele. Wengi wanaipenda hali hiyo, na wapo ambao hawajui hata kwamba simu zao zimewekwa hivyo. Makala haya yanaeleza hali hiyo ni nini, inamfaa nani, wakati gani ni afadhali uizime, na mambo ambayo wanaotengeneza tovuti wanapaswa kuzingatia ili mtu asikose huduma kwa sababu ya rangi.

Mandhari meusi ni nini?

Simu ya Android iliyowekwa Kiswahili huiita hali hii "mandhari meusi". Kwenye simu ya Kiingereza utakuta "Dark theme" au "Dark mode". Kwa kawaida ukurasa hufanana na karatasi, yaani wino mweusi juu ya weupe. Mandhari meusi hugeuza mpangilio huo, ukurasa ukawa kama ubao wa darasani ulioandikwa kwa chaki.

Yapo mambo matatu ambayo watu huyachanganya na mandhari meusi. La kwanza ni kupunguza mwangaza wa skrini, ambako kila kitu hufifia lakini rangi hazibadiliki. La pili ni taa ya usiku, inayofanya skrini iwe na umanjano kama mwanga wa kibatari. La tatu ni kugeuza rangi, ambako hata picha za watu hugeuka zikafanana na negativu za filamu za zamani. Mandhari meusi yakitengenezwa vizuri hayagusi picha. Yanabadilisha rangi ya nyuma na ya maandishi tu.

Jambo lenyewe si geni. Kompyuta nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zilikuwa na herufi za kijani au za rangi ya machungwa juu ya kioo cheusi. Kioo cheupe kilichofanana na karatasi kilienea baadaye, hasa baada ya kampuni ya Apple kutoa kompyuta ya Macintosh mwaka 1984. Weusi ulirudi kwa nguvu mwaka 2019, pale Android 10 na iOS 13 zilipompa mtumiaji uwezo wa kugeuza simu nzima kwa kitufe kimoja. Mwaka huohuo, vivinjari vikubwa, yaani Chrome, Firefox na Safari, vilianza kuiambia tovuti kama msomaji amechagua weusi au weupe.

Je, yanaokoa chaji?

Inategemea aina ya kioo cha simu yako.

Fikiria nyumba mbili usiku. Nyumba ya kwanza ina taa katika kila chumba, na chumba kisichotumika taa yake huzimwa. Hivyo ndivyo kilivyo kioo cha OLED, ambacho pia huitwa AMOLED. Kila nukta hujiwashia taa yake, na penye weusi nukta huzimika au hutumia umeme kidogo sana. Nyumba ya pili ina taa moja kubwa inayowaka usiku kucha, na vyumba hutiwa giza kwa kufunga mapazia. Hicho ni kioo cha LCD, ambacho kinapatikana katika simu nyingi za bei nafuu. Pazia ukilifunga, taa ya nyuma haizimiki. Kwa hiyo mwenye LCD asitarajie kuokoa chaji ya maana kwa kuwasha mandhari meusi.

Hata kwa mwenye OLED, faida inategemea ameongeza mwangaza kiasi gani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walipima jambo hili na kutoa matokeo mwaka 2021. Mwangaza ulipokuwa kati ya asilimia 30 na 50, kiwango ambacho wengi hutumia ndani ya nyumba, mandhari meusi yaliokoa wastani wa asilimia 3 hadi 9 tu ya nguvu ya betri. Mwangaza ulipofika asilimia 100, akiba ilikuwa asilimia 39 hadi 47.

Wakati wa kulikumbuka hilo ni stima zinapopotea. Usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilikuwa gizani kwa saa nyingi, na hali hiyo ilijirudia Novemba na Desemba mwaka huohuo. Usiku wa namna hiyo simu inakuwa taa, redio na njia ya kuita msaada kwa pamoja. Mwenye OLED awashe mandhari meusi na apunguze mwangaza. Mwenye LCD apunguze mwangaza, kwa sababu hapo ndipo akiba yake ilipo. Ikiwa hujui kioo chako ni cha aina gani, angalia maelezo ya skrini kwenye boksi la simu, au muulize fundi wako.

Na macho je?

Watu wengi huamini kwamba mandhari meusi ni tiba ya macho, lakini ukweli una pande mbili.

Ukiwa chumbani taa zimezimwa, ukurasa mweupe humulika usoni kama tochi. Weusi hupunguza mng'ao huo, na mtu aliyelala kando yako hasumbuki. Kwa matumizi hayo, mandhari meusi yanafaa.

Ila penye mwanga wa kutosha, watu wengi husoma vizuri zaidi maandishi meusi juu ya weupe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Düsseldorf, Ujerumani, walionyesha mwaka 2013 kwamba ni hivyo kwa vijana na kwa wazee pia. Sababu iko ndani ya jicho lenyewe. Ukiangalia kitu cheupe, tundu la mboni husinyaa, na tundu dogo hutoa picha iliyo kali zaidi. Ukiangalia kitu cheusi, tundu hupanuka na herufi hupoteza ukali kidogo. Mtu ambaye uso wa mbele wa jicho lake haukupinda sawasawa pande zote, tatizo ambalo wengi wanaovaa miwani wanalo, anaweza kuona herufi nyeupe kama zina ukungu pembeni.

Kwa watu wengine mambo ni kinyume kabisa. Mwaka 1985, watafiti wakiongozwa na Gordon Legge wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, waligundua kuwa watu wenye uoni hafifu unaotokana na ukungu ndani ya jicho, kama ule wa mtoto wa jicho, walisoma vizuri zaidi maandishi meupe juu ya weusi. Weupe mwingi wa ukurasa hutawanyika ndani ya jicho lenye ukungu na kufunika herufi, kama kioo cha gari chenye vumbi kinapopigwa na taa za gari linalokuja mbele. Kwa babu au bibi mwenye hali hiyo, mandhari meusi huenda yakawa ndiyo yanayomwezesha kusoma tangazo la kliniki mwenyewe, bila kumngoja mjukuu atoke shule.

Kwa hiyo, ikiwa unamsaidia mzee kutengeneza simu yake, usimchagulie. Mfungulie ukurasa mmoja kwa rangi zote mbili, kisha umuulize ni upi anaousoma bila kukunja uso. Pia usisahau kumwongezea ukubwa wa herufi, kwani mara nyingi hilo humsaidia kuliko rangi.

Kumbuka kwamba rangi ya kioo haitibu ugonjwa. Mtoto wa jicho hutibiwa hospitalini, kwa upasuaji. Mtu ambaye uoni wake unafifia, au anayeona duara za mwanga kuzunguka taa za barabarani, aende akapimwe. Na macho yanayochoka kwa kutazama simu huhitaji mapumziko. Kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi kwa sekunde 20, na upepese kope.

Jua la Mombasa

Ushauri mwingi kuhusu mandhari meusi huandikwa na watu wanaofanya kazi ofisini. Sisi tunalipa maegesho Digo Road saa sita mchana, tunatafuta ujumbe wa malipo mbele ya kibanda cha Marikiti, na tunafungua ramani kwenye kivuko cha Likoni huku jua likigonga maji na kuturudia usoni.

Katika jua kama hilo kioo cheusi hugeuka kuwa kioo cha kujitazamia. Unauona uso wako, unaliona wingu, maandishi huyaoni. Ukurasa mweupe hutoa mwanga mwingi unaoshindana na jua, na herufi nyeusi hubaki zikisomeka. Kwa mwendesha bodaboda, mwuza samaki, mwongoza watalii anayeshinda Fort Jesus, au yeyote ambaye kazi yake iko nje, mchana ni wa weupe.

Kuna msaada mdogo uliofichika ndani ya simu nyingi. Unaweza kuiagiza igeuke yenyewe, weusi jua likitua na weupe likichomoza. Hapa kwetu jua hutua karibu na saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, kwa hivyo ukishaiweka ratiba hiyo huna haja ya kuigusa tena.

Jinsi ya kuwasha na kuzima

Kwenye Android, fungua Mipangilio, ingia sehemu inayohusu skrini au onyesho, kisha utafute Mandhari meusi. Kwenye menyu ya Kiingereza ni "Settings", halafu "Display", halafu "Dark theme" au "Dark mode". Mpangilio hutofautiana kidogo kati ya kampuni na kampuni. Simu nyingi pia zina kitufe cha haraka, ambacho utakiona ukivuta kidole kutoka juu ya skrini kuja chini.

Kwenye iPhone, fungua "Settings", kisha "Display & Brightness", uchague "Light" kwa weupe au "Dark" kwa weusi. Ukitaka igeuke yenyewe, washa "Automatic".

Wenye mulika mwizi wasiwe na wasiwasi. Huduma za kubonyeza nyota na namba, pamoja na ujumbe mfupi, hazitegemei mambo haya.

Na ikiwa ukurasa wowote unaonyesha mahali patupu panapostahili kuwa na namba, jina au kitufe, usikimbilie kulaumu mtandao. Zima mandhari meusi, fungua ukurasa upya, uangalie tena. Usilipe kwa namba ya kukisia, wala kwa namba unayotumiwa na mtu usiyemjua kwa sababu tu ile ya kwenye ukurasa huioni.

Kwa wanaotengeneza tovuti

Vijana wengi wa kisiwani hutengeneza tovuti za nyumba za wageni, maduka, shule, misikiti na makanisa. Wengine huandalia ofisi za umma. Mambo sita yafuatayo yatawaokolea wasomaji wao usumbufu.

1. Msomaji ndiye achague. Usilazimishe weusi kwa sababu unapendeza. Katika lugha ya CSS, sharti liitwalo prefers-color-scheme huonyesha msomaji ameweka simu yake vipi. Andika rangi za kawaida kwanza, kisha rangi za weusi ndani ya sharti hilo. Weka pia kitufe juu ya ukurasa, maana wapo wanaotaka simu nyeusi na ukurasa mweupe.

2. Rangi ziende mbili mbili. Hili ndilo kosa lililomficha mama wa Kibokoni namba ya malipo. Mtengenezaji alitaja rangi ya maandishi kuwa nyeusi lakini hakutaja rangi ya nyuma, na simu ikaijaza yenyewe kwa weusi. Kila unapotaja rangi ya maandishi, taja na ya nyuma yake.

3. Pima, usikisie. Muungano wa W3C, unaoweka kanuni za kurasa za mtandao, hupima kwa namba tofauti ya mwangaza kati ya maandishi na rangi iliyo nyuma yake. Weusi kamili juu ya weupe kamili ni 21 kwa 1. Kiwango cha chini kwa maandishi ya kawaida ni 4.5 kwa 1, na kwa herufi kubwa ni 3 kwa 1. Ile buluu ya zamani ya viungo, #0000EE, hupata zaidi ya 9 kwa 1 juu ya weupe. Ukiiacha vilevile juu ya kijivu kizito #121212 hushuka hadi karibu 2 kwa 1, na kiungo cha "Lipa hapa" hakisomeki tena. Kwenye weusi tumia buluu iliyopauka.

4. Epuka weusi wa makaa na weupe wa theluji pamoja. Kijivu kizito kama #121212 na maandishi ya #E0E0E0 hutoa takriban 14 kwa 1. Tofauti hiyo inatosha sana, na haichomi macho kama weupe kamili juu ya weusi kamili.

5. Angalia nembo, fomu na misimbo ya QR. Nembo yenye maandishi meusi na isiyo na rangi nyuma hutoweka, kwa hivyo iwekee kibao cheupe. Visanduku vya fomu visiwe vyeusi ndani na wino mweusi. Msimbo wa QR usigeuzwe rangi, kwa sababu baadhi ya simu hushindwa kuusoma. Uache uwe mweusi juu ya weupe, na ukingo mweupe kuuzunguka.

6. Fikiria karatasi. Mkaazi akienda kuchapisha risiti kwenye saiba, ukurasa utoke mweupe. Weka kanuni za kuchapisha kando, la sivyo atamaliza wino wa watu na kulipa zaidi.

Kisha utoe simu nje. Simama juani, usome ukurasa wako wote kwa rangi zote mbili, ujaze fomu mpaka mwisho. Fanya vivyo hivyo usiku, taa zikiwa zimezimwa. Mpe na mtu mwenye umri wa mzazi wako aujaribu, nawe ukae kimya umtazame.

Kusoma ni haki

Rangi huonekana jambo dogo, lakini taarifa ambayo mtu hawezi kuisoma ni sawa na taarifa ambayo hakupewa. Ibara ya 35 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali. Ibara ya 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia taarifa ipasavyo, na uoni hafifu ni miongoni mwa ulemavu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inazitaka kaunti ziwafikie wananchi kwa upana, na inataja tovuti miongoni mwa njia za kufanya hivyo. Shirika la ubora wa bidhaa, KEBS, nalo lina kiwango KS 2952 cha mwaka 2022, kinachohusu kuwezesha watu wenye ulemavu kutumia bidhaa na huduma za teknolojia.

Kwa hiyo mkaazi anayelalamika kwamba hawezi kusoma ukurasa wa huduma asione kuwa anasumbua. Anadai haki yake, na anawasaidia wengine walionyamaza.

Ukikwama, fanya hivi

Ukikuta ukurasa wa huduma ya umma usiosomeka, upige picha ya skrini. Andika jina la ukurasa, aina ya simu yako, na kama mandhari meusi yalikuwa yamewashwa. Kisha upeleke maelezo hayo kwenye ofisi inayotoa huduma hiyo, au umfikishie msimamizi wa wadi yako, iwe ni Mji wa Kale/Makadara, Tudor, Tononoka, Shimanzi/Ganjoni, Majengo au nyingineyo. Fundi akiambiwa tu kwamba tovuti ni mbovu hatajua aanzie wapi. Akiambiwa kuwa namba ya malipo haionekani simu ikiwa kwenye weusi, ana pa kuanzia.

Na usiku huu, kabla hujalala, ichukue simu ya mzazi au jirani mzee. Mwonyeshe weusi na weupe, umwachie ule anaousoma kwa raha.